Silikati, fosfati, borati, teluriti au floraidi: kioo kipi kwa ayoni ipi?

Anayeuliza kioo kipi ni bora kwa kutiwa ayoni za lanthanidi, zile ambazo habari za biashara huziita madini adimu, hawezi kujibiwa kabla hajataja mambo mawili: ni ayoni gani, na anataka mwanga wa urefu gani wa wimbi. Europi itang'aa nyekundu karibu katika kioo chochote utakachoyeyusha. Praseodimi, ukiitaka itoe mwanga wa mikromita 1.3, ndani ya silika itakunyamazia. Ihamishie kwenye kioo cha floraidi, ayoni ileile na kiasi kilekile, na mwanga unatoka. Hakuna ujanja wa maabara unaoweza kuiokoa kwenye silika.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema: anza na pengo la nishati lililo chini ya ngazi inayong'aa, yaani hali ya nishati ambayo ayoni hutoka ikitoa mwanga, kioo kifuate. Wengi hufanya kinyume. Maabara imezoea borati kwa sababu tanuru lake linafika nyuzi 1,100 tu, basi kila ayoni inayopatikana kabatini inatiwa ndani ya borati, na mwisho wake ni spektra nzuri za Raman (kipimo cha leza kinachoonyesha mitetemo ya kioo) zikiambatana na mwanga hafifu usioelezeka.

Pengo na fononi

Elektroni za ganda la 4f, ambazo ndizo zinazotoa mwanga, zimekaa nyuma ya kinga ya maganda ya 5s na 5p. Ndiyo maana rangi za lanthanidi hazisogei sana ukihama kutoka kioo kimoja hadi kingine: terbi hubaki kijani karibu na nanomita 543, europi nyekundu karibu na 612, samari rangi ya chungwa karibu na 600, neodimi katika infraredi karibu na 1,060, erbi karibu na 1,530. Kinachobadilika ni kasi ya ayoni kutoa fotoni, upana wa mstari wa mwanga, na sehemu ya nishati inayogeuka joto kabla fotoni haijatoka.

Hilo la mwisho ndilo lenye uzito kuliko mengine. Ayoni iliyosisimuliwa inashuka kwa kutoa fotoni au kwa kuigawia mitetemo ya kioo, yaani fononi, nishati yake. Ukubwa wa fononi hutegemea uzito wa atomi na uimara wa kifungo. Boroni ni nyepesi na kifungo chake na oksijeni ni imara, kwa hiyo hutetemeka kwa nishati kubwa. Teluri ni nzito, na zirkoni iliyofungwa na florini hutetemeka polepole zaidi. Pengo la nishati ni kama deni: kwenye noti kubwa, noti tatu zinatosha na deni linafutwa papo hapo; kwenye sarafu ndogo, sarafu nyingi zinapaswa kutoka kwa mpigo mmoja, jambo ambalo ni nadra, na ayoni inapata muda wa kutoa fotoni.

Hesabu ya kukadiria ni rahisi. Chukua pengo kati ya ngazi inayong'aa na ngazi iliyo chini yake moja kwa moja, gawanya kwa fononi kubwa ya kioo. Ukipata chini ya 4, tegemea joto. Ukipita 7, mwanga utashinda bila shida. Kati ya hapo mambo yanategemea pia kasi ya ayoni yenyewe kung'aa, na ndiko mabishano mengi yaliko.

Jedwali hili linaonyesha tarakimu za makadirio, kwa kuwa kila mchanganyiko una zake (cm⁻¹ hapa ni kipimo cha nishati):

| Kioo | Fononi kubwa (cm⁻¹) | Joto la kuyeyusha (°C) | Kipeo cha kupinda mwanga |
|---|---|---|---|
| Borati | karibu 1,400 | 900–1,100 | 1.5–1.6 |
| Fosfati | 1,100–1,300 | 1,000–1,300 | karibu 1.5 |
| Silikati | 1,000–1,100 | 1,400–1,600. Silika safi hupita 2,000 | 1.45–1.6 |
| Germanati | 800–900 | 1,200–1,400 | 1.6–1.8 |
| Teluriti | 650–800 | 700–900 | 1.9–2.2 |
| Floraidi (ZBLAN) | 500–600 | 800–900, hewa kavu | karibu 1.5 |
| Kalkojenidi | 250–450 | ndani ya mrija uliofungwa | zaidi ya 2.2 |

Na haya ndiyo mapengo ya kuweka karibu, yote kwa cm⁻¹: terbi karibu 14,700, europi karibu 12,000, yterbi karibu 10,000, disprosi na samari zaidi ya 7,000, erbi inayong'aa mikromita 1.53 karibu 6,500. Neodimi karibu 5,400. Thuli ya mikromita 1.47 karibu 4,300. Erbi ya mikromita 2.8 karibu 3,600. Praseodimi ya mikromita 1.3 karibu 3,000. Ukiziweka orodha hizi mbili bega kwa bega, nusu ya uamuzi imeshafanyika.

Silikati na fosfati: mashindano ambayo historia imeshayaamua mara mbili, kwa majibu tofauti

Leza ya kwanza ya kioo, aliyoionyesha Elias Snitzer mwaka 1961 katika kampuni ya American Optical, ilikuwa neodimi ndani ya kioo cha silikati chenye bari. Leza kubwa za majaribio ya muunganiko wa nyuklia huko Lawrence Livermore, Marekani, zilianza pia na silikati. Shiva ya mwaka 1977 ilikuwa hivyo. Nova ya mwaka 1984 ikahamia fosfati, na mrithi wake, National Ignition Facility, ina mihimili 192 inayokuzwa na vipande zaidi ya 3,000 vya kioo cha fosfati chenye neodimi, kwa mwanga wa nanomita 1,053. Ndiyo mashine iliyopata megajuli 3.15 za muunganiko kutokana na megajuli 2.05 za leza mnamo Desemba 2022.

Kwa nini fosfati ilishinda hapo? Neodimi ndani yake hutoa mwanga wa kuchochewa kwa nguvu zaidi, na mstari wake ni mwembamba kuliko wa silikati. Mwanga mkali unaopita hauukunji mhimili sana, kwa kuwa kipeo cha fosfati hakibadiliki upesi kwa nguvu ya mwanga. Kisha kuna jambo ambalo makala nyingi huliruka: chembe za platini. Kioo safi cha kiwango hicho huyeyushwa ndani ya vyungu vya platini, na vipande vidogo vya metali hiyo vikibaki ndani ya kioo, leza inavipasua na kioo kinaharibika. Fosfati, ikiyeyushwa chini ya oksijeni ya kutosha, huyayusha mabaki hayo ya platini kuliko silikati inavyoweza.

Ona pia kwamba hesabu ya fononi haikuipendelea fosfati hapa. Pengo la 5,400 gawanya kwa 1,200 ni 4.5, mahali pa mashaka. Inafaulu kwa sababu neodimi hung'aa haraka, ndani ya mikrosekunde mia tatu hivi, kiasi kwamba joto halipati nafasi ya kuiwahi. Katika borati hesabu inashuka chini ya 4 na ngazi hiyohiyo inazimwa ndani ya makumi ya mikrosekunde. Kwa hiyo neodimi ndani ya borati ni chaguo ambalo ningemshauri mtu aliache, isipokuwa lengo lake ni kusoma muundo tu.

Mashindano ya pili yalikuwa ya erbi, na silika ikashinda. Mwaka 1987 kundi la Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, na kundi la Bell Labs, Marekani, walionyesha vikuza mwanga vya nyuzi za kioo zenye erbi. Erbi hung'aa pale pale ambapo nyuzi za mawasiliano hupoteza mwanga kidogo kabisa, karibu na nanomita 1,550, na ngazi yake ndani ya silika hudumu karibu milisekunde 10, muda mrefu sana kwa kuhifadhi nishati. Uzi wa silika huunganishwa na uzi wa silika kwa kuyeyushwa ncha na mambo yakaisha. Faida hiyo peke yake ilifunika kasoro zake zote.

Na kasoro zipo, nazo ni za muundo. Silika safi ni wavu uliofungamana pande zote: kila oksijeni ni daraja kati ya silikoni mbili. Ayoni ya erbi, yenye chaji tatu na inayotaka kuzungukwa na oksijeni sita hadi tisa, haipati oksijeni huru za kuivika. Zinachofanya ayoni hizo ni kukusanyika na kugawana oksijeni chache zilizopo. Erbi mbili zikikaa jirani, moja humpa mwenzake nishati, mwenzake hupanda ngazi ya juu kisha hushuka kwa joto, na fotoni moja kati ya mbili imepotea. Tatizo hilo huanza kwa viwango vidogo sana, sehemu mia chache katika milioni. Dawa yake ni alumini au fosforasi kidogo ndani ya kiini cha uzi. Huizunguka erbi na kuzitenganisha ayoni.

Fosfati haina shida hiyo. Inajengwa kwa minyororo badala ya wavu kamili, na kila fosforasi ina oksijeni zisizo za daraja tayari. Inapokea asilimia kadhaa za lanthanidi bila msongamano wa hatari. Ukitaka kikuza kifupi cha sentimita chache badala ya uzi wa mita nyingi, au leza ndogo ya nanomita 1,540 inayosisimuliwa kupitia yterbi, fosfati ndiyo ya kuchukua. Hapa fononi kubwa ni msaada: yterbi huikabidhi erbi nishati kwenye ngazi ya juu, na ngazi hiyo, yenye pengo la 3,600 chini yake, hulipwa na fononi tatu za fosfati na kushuka upesi kwenye ngazi ya leza kabla erbi haijairudishia yterbi chochote. Katika floraidi ngazi hiyohiyo hudumu milisekunde kadhaa na nishati inarudi ilikotoka, au inapanda juu zaidi na kutoka kama kijani. Kasoro ya mahali pamoja ni sifa mahali pengine.

Gharama ya fosfati ni maji. Nyingi hunyonya unyevu, kuanzia poda kabla ya kuyeyushwa hadi kioo kilichokwisha kung'arishwa. Pia hupanuka sana kwa joto na kupasuka kirahisi. Kuongeza oksidi ya alumini huiimarisha.

Borati: usiidharau, ila ijue kazi yake

Borati huyeyuka chini, haina ugomvi na vyungu, hutoa kioo angavu kwa michanganyiko mingi sana. Kwa europi, terbi, disprosi na samari, ambazo mapengo yake ni makubwa, fononi ya 1,400 haina la kufanya: europi ingehitaji fononi nane au tisa kwa pamoja. Kwa mwanga unaoonekana wa kusisimuliwa kwa urujuanimno au buluu, borati inafaa kabisa, na sioni sababu ya mtu kuhangaika na floraidi kwa kazi hiyo. Disprosi hutoa buluu karibu na nanomita 483 na njano karibu na 575, na ukipanga uwiano wake vizuri macho huona weupe.

Erbi ya mikromita 1.53 ndani ya borati ni hadithi nyingine. Pengo la 6,500 kwa fononi ya 1,400 ni chini ya 5, na umri wa ngazi hushuka hadi chini ya milisekunde moja. Mwanga upo, kigunduzi kizuri kitauona, lakini kukuza ishara kwa kioo hicho ni kazi ya kujitakia.

Kwa anayependa muundo, hata hivyo, borati ina utajiri ambao vingine havina. Boroni huanza ikiwa na oksijeni tatu. Ukiongeza oksidi ya alkali, sehemu ya boroni huchukua ya nne na wavu unakazana, mpaka karibu theluthi moja ya oksidi hiyo, ndipo oksijeni zisizo za daraja zinapoanza kutawala. Pembeni mwa badiliko hilo, kilele cha Raman cha cm⁻¹ 808, kinachotoka kwenye pete za boroni tatu, hupungua na kutoweka. Mazingira ya ayoni hubadilika sambamba, na europi inayasimulia.

Europi kama shahidi wa muundo

Mwanga wa europi wa karibu na nanomita 590 hautegemei mazingira kwa kiasi cha kutajika, kwa kuwa ni wa sumaku. Ule wa 612 ni wa umeme, unakatazwa na kanuni ya Laporte (kanuni ya ulinganifu inayozuia baadhi ya miruko ya elektroni), na hupata ruhusa kwa kadiri ayoni ilivyokaa mahali pasipo na ulinganifu. Kwa hiyo uwiano wa 612 kwa 590 ni kipimo cha bei rahisi cha jinsi ayoni ilivyoketi. Katika vioo vya oksidi, silikati na teluriti zikiwemo, uwiano huo mara nyingi huwa juu ya 3. Katika floraidi hushuka, wakati mwingine hadi kukaribia 1.

Hadithi hiyohiyo huonekana kwenye vigezo vitatu vya Judd na Ofelt, vinavyokadiria nguvu ya mistari ya mwanga ya ayoni ndani ya kioo; watu hao wawili waliichapisha nadharia hiyo kila mmoja peke yake mwaka 1962. Kigezo cha kwanza hupanda pale ambapo ulinganifu umevunjika na vifungo vina ushirika wa elektroni. Katika floraidi ni kidogo. Ningeongeza onyo: vigezo hivyo hutolewa kwenye mistari michache ya ufyonzaji yenye makosa yake, na tofauti ndogo kati ya sampuli mbili si lazima iwe na maana. Uwiano wa europi, ukipimwa kwa kifaa kilekile siku ileile, mimi nauamini zaidi.

Teluriti na floraidi: hapa ndipo uchaguzi unakuwa mgumu

Vioo hivi viwili hutajwa pamoja kwa sababu vyote vina fononi ndogo. Vinginevyo havifanani.

ZBLAN ilizaliwa kutokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Rennes, Ufaransa, ambako familia ya vioo vya floraidi ya zirkoni iligunduliwa katikati ya miaka ya 1970. Jina lake ni alama za metali zake: zirkoni, bari, lanthani, alumini, natiri. Lanthani tayari imo ndani ya mchanganyiko, kwa hiyo ayoni yako inachukua nafasi yake bila kusumbua muundo. Uwazi wake huanzia urujuanimno hadi mikromita 6 na zaidi. Ndani yake praseodimi hung'aa kwenye mikromita 1.3, thuli kwenye 1.47, erbi kwenye 2.8. Praseodimi inayosisimuliwa kwa leza ya buluu karibu na nanomita 445 hutoa nyekundu ya 635, chungwa na kijani ndani ya uzi mmoja. Kwa kubadili infraredi kuwa mwanga unaoonekana, njia ambayo mtafiti Auzel aliieleza mwaka 1966 kwa kuhamisha nishati kati ya ayoni, ZBLAN bado ni kipimo cha kulinganishia vingine.

Bei ya yote hayo ni usumbufu. Inahitaji kabati lililofungwa lenye hewa kavu, kwani maji kidogo tu huigeuza sehemu ya floraidi kuwa oksidi na kuacha chembe zinazotawanya mwanga. Huanza kulainika karibu na nyuzi 260, na kutoka hapo hadi kuwa fuwele si mbali. Ncha ya uzi ikifanya kazi kwenye mikromita 2.8, pale ambapo maji hufyonza sana, unyevu wa hewa huila polepole.

Teluriti huyeyushwa mezani kwa nyuzi 800 hivi, ndani ya chungu cha dhahabu au platini, hewani. Hustahimili unyevu vizuri kuliko floraidi na fosfati nyingi. Kipeo chake cha karibu 2 huongeza kasi ya kung'aa, na mstari wa erbi wa 1.53 hupanuka kuliko ndani ya silika, jambo zuri kwa vikuza vinavyobeba rangi nyingi za mawasiliano. Oksidi ya teluri peke yake ni vigumu kuwa kioo. Huhitaji zinki, tungsteni, natiri au mwenzake mwingine. Kadiri wenzake hao wanavyoongezeka, teluri yenye oksijeni nne hugeuka kuwa yenye oksijeni tatu. Kwenye Raman utaona kilele cha karibu 660 kikishuka na cha karibu 750 kikipanda. Maana yake fononi kubwa inapanda kidogo pia, kwa hiyo kulegeza muundo si bure.

Kuna mtego mmoja wa kusoma umri wa ngazi. Erbi ndani ya teluriti hudumu milisekunde 3 hadi 4, ndani ya silika karibu 10. Mtu akitazama tarakimu hizo tu atasema teluriti inazima mwanga. Hapana: pengo la 6,500 linahitaji fononi karibu tisa za teluriti, na uzimaji wa aina hiyo ni mdogo. Umri umekuwa mfupi kwa sababu ayoni inang'aa haraka zaidi. Ulinganishe umri uliopimwa na umri wa nadharia wa kioo hichohicho, kamwe usiulinganishe na wa kioo kingine.

Uamuzi wangu kati ya hivi viwili: kama pengo ni zaidi ya 4,000, teluriti inatosha na maisha yatakuwa mepesi. Kama ni 3,000 hadi 3,600, au unataka mwanga wa mikromita 2.8 wenye nguvu, vumilia floraidi. Na kwa kipimajoto cha mwanga, kinachotumia ngazi mbili za kijani za erbi zenye umbali wa karibu cm⁻¹ 750, teluriti ndiyo ningeanza nayo, maana kijani hutoka cha kutosha na kioo hakiharibiki hewani.

Mchanganyiko wa boroni na teluri unastahili neno lake. Hupendwa kwa kuwa ni mgumu na rahisi kuyeyusha, na waandishi wengi hudai una fononi ndogo ya teluriti. Kinachozima ngazi, lakini, ni mtetemo mkubwa zaidi ulio jirani ya ayoni, na wastani wa mchanganyiko hauusemei mtetemo huo. Boroni ikishaketi karibu na erbi, noti kubwa imeshapatikana. Ukihitaji fononi ndogo kweli, iache boroni nje.

Kalkojenidi na vioo vyenye fuwele ndani

Kalkojenidi ni ya mtu anayetaka infraredi ya mbali zaidi ya mikromita 3. Vioo vya arseni na salfa hupokea lanthanidi kidogo mno. Vya galliamu, lanthani na salfa vinapokea nyingi, kwa sababu ileile ya ZBLAN, lanthani imo tayari. Mwanga wa buluu na kijani haupiti vizuri, hivyo sahau rangi zinazoonekana.

Njia nyingine ya kupata fononi ndogo, iliyoonyeshwa na watafiti Wang na Ohwaki mwaka 1993, ni kuyeyusha kioo cha oksidi chenye floraidi ndani yake, kisha kukipasha tena ili fuwele ndogo sana za floraidi ziote. Lanthanidi huhamia ndani ya fuwele hizo na kuishi kana kwamba ziko kwenye floraidi, huku nje kukiwa na silikati imara. Fuwele zikibaki za nanomita chache hadi makumi machache, kioo hubaki angavu. Wazo ni zuri sana. Kazi yake ni kuthibitisha kwamba ayoni imeingia kweli. Fuwele kuonekana kwenye eksirei hakutoshi. Uwiano wa 612 kwa 590 wa europi ukishuka baada ya kupasha, na mistari ikaanza kuchongoka, hapo una ushahidi.

Maji, kiasi, na kipimo kinachodanganya

Kundi la hidroksili (OH, ambalo maji huliacha ndani ya kioo) hutetemeka kwa takriban cm⁻¹ 3,000 hadi 3,500. Kwa erbi ya 6,500 mitetemo miwili tu inatosha kumaliza pengo lote, hata kama kioo chenyewe kina fononi ndogo. Yterbi yenye 10,000 huhitaji mitatu. Kwa hiyo fosfati au teluriti yenye maji inaweza kushindwa na silikati iliyo kavu, na mchaguzi asiyejua akalaumu muundo. Pima ufyonzaji wa karibu na mikromita 3 kabla ya kulinganisha vioo viwili kwa mwanga wake. Kausha malighafi, pitisha oksijeni kavu juu ya kioevu au ndani yake, au badilisha sehemu ya oksidi kwa floraidi ili hidrojeni iondoke kama floraidi ya hidrojeni. Gesi hiyo ni sumu kali inayokula mapafu, na haifanyiwi kazi nje ya kabati lenye kuvuta hewa.

Kiasi cha ayoni nacho hubadilisha ushindi. Neodimi na samari huzimana mapema kwa sababu zina ngazi zinazogawana nishati kwa urahisi. Europi na terbi huvumilia viwango vikubwa. Thuli ni ya kipekee: ikisongamana na kusisimuliwa kwa nanomita 790, ayoni moja iliyo juu hugawana nishati na jirani na zote mbili hukaa kwenye ngazi ya mikromita 2, fotoni moja ikiingia na mbili zikitoka. Ndiyo maana leza za mikromita 2 za silika zenye thuli nyingi hufanya kazi vizuri kuliko hesabu ya fononi inavyotabiri. Linganisha vioo kwa mfululizo wa viwango, tuseme asilimia 0.1, 0.5, 1 na 2 za mole. Kiwango kimoja kinaweza kuwa kileleni kwa kioo kimoja na kuwa kimeshapita kilele kwa kingine.

Tena, kwa yterbi na erbi, umri mrefu si habari njema kila mara. Mwanga wa ayoni hizi hufyonzwa na ayoni za aina ileile zilizo kwenye ngazi ya chini kabisa, kisha hutolewa upya, na kipande kinene chenye ayoni nyingi huonyesha umri mrefu kuliko ulio wa kweli. Sampuli mbili za unene tofauti zitakupa washindi tofauti kutoka kwenye kioo kimoja. Pima kwenye kipande chembamba, msisimko ukiwa karibu na ukingo ambako mwanga unatokea, au saga unga mwembamba na kurudia kipimo. Umri ukishuka baada ya kusaga, tarakimu ya kwanza iache nje ya jedwali lako.